Kukarabati ndani ya nyumba Mbeya: kwa mkupuo au chumba kwa chumba?

Ukiwa na fedha zote mkononi, mkupuo ni nafuu. Fundi umeme anachimba kuta mara moja, wa jipsamu anafuata, kisha skimu (lipu laini ya kusawazisha ukuta), marumaru na rangi ya mwisho. Hata gari la mzigo kutoka soko la Mwanjelwa unalilipia safari chache. Ila familia italala wapi? Kodi ya nyumba ya muda iingie kwenye bajeti, wengi huisahau.

Chumba kwa chumba kunamfaa anayesubiri mshahara au mavuno ya viazi. Mnahamia sebuleni, maisha yanaendelea, ingawa vumbi la msasa halijui mlango. Gharama imejificha kwenye marumaru: ukirudi dukani baada ya miezi sita, boksi la jina lilelile laweza kuwa limepauka kidogo, maana kila toleo la kiwandani lina rangi yake. Nunua za nyumba nzima mapema, na maboksi ya akiba, hata zikae stoo.

Juni na Julai, kwa baridi ya huku, skimu hukauka kwa kujivuta, na fundi wa kutwa anaendelea kuhesabu siku zake. Mimi ningepatana naye bei ya kazi nzima, si ya siku, nimalize umeme wa nyumba nzima kwanza, vyumba vifuate mfuko unavyoruhusu.