Bafu lenye mtoto na mzee: pesa ya kwanza iende wapi?

Mama alipotoka Muheza kuja kukaa nasi Kimara, Dar es Salaam, wiki ile ile nilimkuta bafuni mkono mmoja umebana bomba la mvua, mwingine unapapasa marumaru. "Mwanangu," akaniambia, "ukuta wenu huu hauna pa kushika." Pembeni yake mjukuu wa mwaka mmoja na nusu ameinamia ndoo ya maji, anavua kopo. Toka siku hiyo nimenunua vitu vingi, na vingine nimevitupa. Ningeanza upya, ningefuata mpangilio huu.

Kwanza: chombo cha maji

Maji ya bomba leo yapo, kesho hayapo, ndiyo maana mabafu yetu yamejaa ndoo, madiaba na mapipa. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita 5. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akichungulia ndani ya ndoo anatumbukia kichwa chini na hana nguvu ya kujinyanyua. Wala hapigi kelele. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano ianzie hapa, hata kama mzee naye yupo, kwa sababu hapa pesa inayotoka ni ndogo na kazi inaisha leo leo.

Bora ni pipa lenye mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha. Mwambie fundi bomba alitoboe chini aweke koki, ili mzee naye asihangaike kuchota. Pipa la lita 200 likijaa, maji peke yake ni kilo 200, hivyo lijengewe msingi wa tofali, lisikalishwe juu ya stuli. Chaguo la pili ni madumu ya lita 20: mdomo ni mwembamba, kichwa cha mtoto hakipiti. La tatu ni ndoo yenye mfuniko unaobana kweli, maana ule unaolala tu juu mtoto anausukuma. Diaba la wazi litoke bafuni. Kama ni la kufulia, likimaliza kazi limwagwe na lifudikizwe.

Pili: chuma cha kushikia

Hapa ndipo nilipopoteza pesa. Nilinunua kishikio cha plastiki kinachonata ukutani kwa vikombe vya mpira. Siku ya tatu kilibanduka, bahati nzuri mkononi mwangu na si mwa mama. Vikombe vile vinategemea kigae laini kisicho na mstari, na hata hapo vinalegea kimya kimya. Usimnunulie mzee. Na chuma cha kutundikia taulo si cha kushikia, hata king'ae vipi.

Ukiwa na uwezo, nunua cha stenlesi kilichotengenezwa kwa kazi hii. Nenda dukani na kisumaku: kikinata kwa nguvu, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, na kwa wanaooga maji ya kisima yenye chumvi kitaanza kutoa kutu kwenye viungio. Unene mzuri kwa kiganja ni milimita 32 hadi 38.

Bajeti ikiwa ndogo, kuna njia ninayoipenda zaidi. Bomba la chuma la maji la inchi moja lina unene wa nje wa milimita 33.7, yaani limeangukia palepale. Linauzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo majirani kadhaa wanaweza kuchangia bomba moja, kila mmoja akapata kipande chake. Mpelekee fundi wa kuchomelea, wa eneo la Gerezani hapa Dar au yule wa mtaani kwako, aunganishe bamba lenye matundu matatu kila upande, asage makali yote, kisha apake rangi ya kuzuia kutu. Bomba la inchi moja na robo ni nene mno kwa vidole vyenye baridi yabisi.

Kufunga ndiyo roho ya jambo. Skrubu na fisha zishike tofali lenyewe, zisiishie kwenye kigae na plasta. Kimo cha kawaida ni sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, lakini mwite mzee asimame pale, umpime yeye. Nafasi ya karibu sentimita 4 kati ya chuma na ukuta inatosha kupitisha vidole bila mkono kuchomoka. Kabla hajakigusa, kining'inie wewe kwa uzito wako wote.

Tatu: kiti

Kiti cha plastiki chenye mikono ni kizuri kuliko stuli, ila miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye marumaru yenye sabuni. Kama kuna ziada, cha duka la vifaa tiba chenye miguu ya mpira na kimo cha kurekebishwa ndicho cha kununua. Wenye choo cha kuchuchumaa watafute kile chenye tundu katikati, kinachokaa juu ya choo: kimo cha sentimita 43 hadi 48, fremu ya chuma. Cha mbao huoza.

Nne: sakafu

Usibomoe kwa sababu ya hili tu. Kama unajenga, omba marumaru zisizong'aa, na ukiona R10 au R11 kwenye boksi, alama za kiwango cha kutoteleza, ni dalili nzuri. Omba kipande kimwagiwe maji na sabuni, ukikanyage peku palepale dukani. Sakafu iliyokwishapigwa niru au vigae laini, bandika mikanda ya kukwaruza inayozuia kuteleza. Zulia la mpira lenye vikombe vya kunata chini linashika kwenye vigae vikubwa laini tu. Na ndala zilizolika soli zitupwe.

Vidogo visivyosubiri

Dawa ya choo inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa ihamishiwe kabati la juu lenye kufuli, na isichanganywe na dawa ya kung'arishia nguo, inatoa gesi ya klorini. Weka taa ya kuchaji, umeme ukikatika usiku mzee asipapase. Komeo la ndani nimeling'oa nikaweka kitasa kinachofunguka hata kwa nje, na mlango sasa unafungukia koridoni, mama akianguka nyuma yake tuweze kumfikia.