Kupima breka: umeme ukiwa umezimwa, au ikiwa imebeba mzigo?

Umeme ukikatika na kurudi wenyewe huku breka (swichi ya usalama inayojikata kwenye boksi la umeme) haijaruka, wengi hukimbilia kipimo cha omu, yaani ukinzani. Zima swichi kuu (waya zinazoingia kwake bado zina umeme), hakikisha kwa mita kwamba breka haina volti, fungua waya wa kutokea, gusa vituo vyote viwili. Ikiwashwa isome karibu na 0, ikizimwa isisome kitu. Ni salama zaidi, na breka iliyokufa kabisa hujulikana hapo hapo. Ila mita hupitisha mkondo mdogo mno, kwa hiyo kontakti (vyuma vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme) zilizoungua zikigusana kidogo tu, breka inafaulu.

Kwa tatizo la kuja na kuondoka, naamini zaidi kipimo cha pili, ingawa ni cha fundi mzoefu kwa kuwa boksi liko wazi na umeme upo. Washa birika la wati 2000 linalopata umeme kupitia breka hiyo, kama ampea 8.7 kwa volti 230, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja upande wa kuingia na nyingine upande wa kutoka wa breka ileile. Breka nzima huonyesha milivolti tu. Volti 1 kwa ampea 8.7 ni karibu wati 9 za joto ndani ya kidude kile.

Usiitupe bado. Hamisha ncha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye shaba ya waya: usomaji ukipanda hapo, kilicholegea ni skrubu.

Taa zingine zikiwaka kupita kiasi na zingine zikififia, achana na breka. Shuku nyutro (waya wa kurudishia umeme) kuwa imelegea au imekatika, na zima swichi kuu mara moja.