Kaunta buku ya mzee wa kanisa: yafaa?

Kwa kufuatilia washirika, kaunta buku ya kawaida inaishinda programu ya simu. Chora safu 5: jina, mtaa (kwa Mombasa: Likoni, Kisauni, Changamwe), tarehe ya kutembelewa, haja, nani arudi. Kila mzee apewe nyumba 10, mfano wa wale wakuu wa makumi ambao Yethro alimshauri Musa awaweke, Kutoka 18. Zikizidi, wa Likoni, ng'ambo ya feri, ndio husahaulika kwanza.

Udhaifu? Unyevu wa Pwani hutawanya wino wa maji, basi tumia biki. Siri za watu zisiingie humo. "Arudiwe Jumatano" yatosha. Linaloharibu kabisa ni kamati kuongeza safu ya sadaka: hapo mzee akibisha hodi, mwenye nyumba hujificha.