Hedifoni kutatarika kwenye Linux Mint: uzoefu wangu na PipeWire

Mimi hunakili mahojiano kwa malipo: nasikiliza kipande, nasitisha, naandika, naendelea. Laptop yangu ni ya mtumba, ndani ina Linux Mint 22, toleo lililoiweka PulseAudio pembeni na kuikabidhi PipeWire kazi ya kusimamia sauti. Hedifoni zilipoanza kutatarika, fundi akaniambia tundu limechakaa, libadilishwe. Sikumpa kazi hiyo. Hedifoni zilezile, tundu lilelile, nikiwasha Windows iliyobaki kwenye diski sauti inatoka safi kabisa. Tundu bovu halichagui mfumo.

Nilipotulia kusikiliza vizuri nikagundua kelele ni mbili, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Ya kwanza ni "pap!" moja kali sauti inapoanza. Nikisitisha kidogo tu haitokei. Nikikaa kimya sekunde sita saba hivi, nikibonyeza tu naipata. Muda huo ndio uliomfichua mchawi. WirePlumber, mwenzake PipeWire, huiachia kadi ya sauti ikishakaa kimya sekunde 5, halafu draiva ya snd_hda_intel inailaza ili kubana betri. Sauti ikirudi, kadi inaamshwa ghafla na mshtuko wake unaishia sikioni. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uangalie yako inasemaje:

cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Ikijibu 0, endelea na kelele ya pili. Yangu ilijibu 1, yaani inalala baada ya sekunde moja. Hii hapa ni ya majaribio, inafutika ukizima kompyuta:

echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Kelele ikakoma hapohapo. Ili ibaki hivyo, niliandika "options snd_hda_intel power_save=0" kwenye faili jipya lenye mwisho wa .conf ndani ya /etc/modprobe.d/. Nikachomoa chaja, pap! Kumbe nina TLP, programu ya kubana betri, na TLP hupanga upya mambo ya umeme kila chaja inapoingia au kutoka. Ndiyo kazi yake. Ukiwa nayo, fungua /etc/tlp.conf uweke SOUND_POWER_SAVE_ON_AC=0 na SOUND_POWER_SAVE_ON_BAT=0. Kuhusu betri, sijaona tofauti ya kunikosesha usingizi.

Kelele ya pili ni ya mfululizo, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji. Hii hunijia nikiwa kwenye kikao cha video huku kihariri cha sauti kiko wazi. Hapa ndipo PipeWire iliponifurahisha, kwa sababu ina pw-top. Iandike kwenye terminali, acha sauti ilie, kisha kodolea macho safu ya ERR. Namba ikipanda kila inapotatarika, kompyuta inachelewa kujaza bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa) na sauti inakatika vipandevipande. Safu ya QUANT inaonyesha ukubwa wa bafa yenyewe. Kihariri changu kilikuwa kimeomba sampuli 256 (vipande vidogo vya sauti), ambazo kwa kasi ya sampuli 48000 kwa sekunde ni kama milisekunde 5 tu, na PipeWire humfuata mwenye haraka kuliko wote. Mwanamuziki anayerekodi gitaa atazihitaji hizo milisekunde 5; mimi wa kunakili maneno za nini? Nikalazimisha:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024

ERR ikasimama. Hizo ni kama milisekunde 21, na kwenye mazungumzo sihisi ucheleweshaji wowote. Kurudisha kama zamani, weka 0 mahali pa 1024.

Mtandaoni utaambiwa uongeze tsched=0 kwenye /etc/pulse/default.pa, faili la mipangilio ya PulseAudio. Kwanza andika pactl info. Ukiona "PulseAudio (on PipeWire", achana na ushauri huo, PipeWire hailisomi faili hilo.

PipeWire naipa nyota nne. Ya tano naibania kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya haya kilicho kwenye dirisha la mipangilio ya sauti, na mtu asiyezoea terminali atanunua hedifoni mpya bure. Tena, kwa kuwa kadi yangu sasa hailali, usiku kukiwa kimya nasikia mvumo mwembamba hata bila kucheza kitu. Nauvumilia.