Sabuni ya kusafishia bodi na vipuri: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Bodi ya saketi za elektroniki iliyosafishwa vibaya huwaka vizuri siku ya kwanza. Tatizo hujitokeza baadaye hewa inapopata unyevu: mabaki ya fluksi (dawa inayosaidia risasi ya kulehemu ishike) hunyonya maji, umeme huanza kuvuja kati ya miguu ya aisii (chipu yenye miguu mingi), na shaba huota ule ukoga wa kijani. Vipuri vya chuma navyo vina kisa chao. Mafuta ya kukatia yakibaki kwenye nyuzi za skrubu, gundi haishiki na rangi hubanduka. Kwa hiyo hapa hununui povu wala harufu. Unanunua kitu kitakachotoa uchafu, kisha chenyewe kitoke. Hilo la kutoka ndilo lililonifanya nipange orodha hii kama ilivyo.

Kabla ya kulipa, jiulize uchafu ni wa aina gani na chini yake kuna nini. Mafuta na grisi hutolewa na alkali, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) zaidi ya 7. Kutu, oksidi na ukoko wa maji magumu hutolewa na asidi, yenye pH chini ya 7. Alumini na zinki huliwa na zote mbili zikiwa kali, na shaba haipatani na amonia. Ukiyajua hayo, nusu ya chupa zilizoko rafuni umeshazivuka.

1. Sabuni ya maabara isiyo kali, pH 7 hadi 9.5

Kama fedha inatosha chupa moja tu, chukua hii. Ipo ya maji, kama Liquinox yenye pH karibu 8.5, na ya unga, kama Alconox yenye pH 9.5. Si lazima iwe hizo. Angalia tu kwamba haina manukato, haina rangi wala klorini, na lebo inasema wazi kuwa hutoka yote kwa kusuuza. Bei yake huwatisha watu kwa sababu wanatazama chupa. Piga hesabu kwa lita ya mchanganyiko: kipimo cha kawaida ni 1%, yaani mililita 10 kwa kila lita ya maji, na hapo chupa ghali mara nyingi hugeuka kuwa ndiyo rahisi. Kuongeza kipimo "ili ing'arishe zaidi" ni kujiongezea kazi ya kusuuza tu.

Ukiosha kwa mkono au kwa mashine ya altrasoniki (tangi la maji linalosafisha kwa mtetemo wa sauti), povu si hoja. Kwa mashine inayopuliza maji kwa nguvu, nunua ya povu dogo, la sivyo litafurika hadi sakafuni.

Kwenye altrasoniki, mashine ya 40 kHz inatosha kwa vipuri vingi. Pasha maji hadi nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, iendeshe bila vipuri kwa dakika kama 10 ili hewa iliyomo majini itoke, kisha weka vipuri ndani ya kikapu; visiguse sakafu ya tangi. Unataka kujua kama mashine yenyewe inafanya kazi? Tumbukiza kipande cha karatasi nyembamba ya alumini, ile ya kufungia chakula, ukishikilie wima kwa dakika moja. Kikitoka na vitundu vidogovidogo kotekote, mashine ni nzima. Kikitoboka upande mmoja tu, basi upande wa pili wa tangi hausafishi kitu. Bodi zenye kristali ya kwatzi, maikrofoni au sensa ndogo za mwendo zisiingie humo. Mtetemo huo unaweza kuzivunja kwa ndani bila alama yoyote nje.

2. Alkoholi ya isopropili, 99%

Kwa anayetengeneza bodi moja moja, hii huja ya kwanza. Nimeiweka ya pili kwa sababu haifui dafu mbele ya grisi nzito, wala haifai sana kwa fluksi za kuyeyuka majini, ambazo zinataka maji ya moto. Angalia asilimia: ile ya 70% ya kusafishia vidonda ina karibu theluthi moja ya maji, na maji hayo ndiyo yanayobaki chini ya aisii.

Malalamiko makubwa dhidi yake ni ule ukoga mweupe unaobaki ikishakauka. Kosa si la alkoholi peke yake. Inayeyusha rozini (utomvu) ya fluksi lakini inaacha chumvi za viamshi, yaani kemikali zinazoipa fluksi nguvu, na mtu akisugua kwa mswaki kisha akaacha ikauke yenyewe, uchafu umehama tu kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Lowesha, sugua kwa brashi laini, halafu kabla haijakauka inyonye kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Malizia kwa kumimina alkoholi mpya juu ya bodi iliyoinamishwa, ishuke na kilichobaki.

Mvuke wake hushika moto hata kwenye joto la nyuzi 12. Usiimimine kamwe kwenye tangi la altrasoniki.

3. Kiondoa fluksi cha maji, chenye alkali

Hiki ni cha mwenye bodi nyingi. Kwenye joto la nyuzi kama 60, alkali yake huigeuza rozini kuwa sabuni, ikatoka na maji. Zamani viwanda vilitumia kiyeyushi cha CFC-113 kwa kazi hii. Baada ya mkataba wa kimataifa wa Itifaki ya Montreal ya 1987 kuanza kuiondoa sokoni kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, wengi walihamia kwenye maji, na wengine kwenye fluksi isiyohitaji kusafishwa. Hiyo ya mwisho, kama huna sababu ya kuigusa, iache. Ikisafishwa nusunusu huwa mbaya kuliko ilivyoachwa.

Muulize muuzaji kama dawa yake inafaa alumini na maandishi ya bodi. Akibabaika, tafuta mwingine.

4. Sabuni ya asidi

Kwa kutu nyepesi na ukoko kwenye chuma cha pua. Citranox, kwa mfano, ina pH karibu 2.5. Isiloweke usiku kucha, na isikutane na dawa yoyote yenye klorini, maana gesi inayotoka ni sumu.

5. Alkali kali, pH 12 na kuendelea

Chuma cheusi (cha kawaida, si cha pua) chenye grisi ya miaka. Basi. Vaa glavu na miwani.

Zibaki dukani

Sabuni ya vyombo huongezwa chumvi ili iwe nzito, pamoja na manukato na vilainisha mikono. Vyote hivyo hutaki vibaki kwenye saketi. Dawa ya klorini hutoboa chuma cha pua vishimo vidogo. Asetoni na tina huyeyusha plastiki nyingi, na petroli huacha mafuta yake huku ikingoja cheche.

Tenga fedha ya maji pia. Sabuni bora ikisuuzwa kwa maji ya bomba pekee huacha madoa ya chumvi. Suuza mara mbili kwa maji ya kawaida ya vuguvugu, kisha mara ya mwisho iwe kwa maji yaliyokenekwa, yale mafundi huyaita maji ya betri (si asidi ya betri). Bodi ipulize kwa hewa kavu, kisha iache kwenye nyuzi 50 au 60 kwa saa kadhaa, maana maji chini ya aisii kubwa hayana haraka. Kipuri cha chuma kipime kabla hujakikausha: kiinue kutoka majini na utazame. Maji yakitanda kama utando mmoja, kimetakata. Yakikatika na kujikusanya kuwa matone, mafuta bado yapo, rudisha tangini.