Unanunua Dawa au Unanunua Mrija? Dawa za Kusafishia Throto na Nozeli, kwa Mpangilio Wangu

Jumamosi moja nilikuwa nimeinama mbele ya Vitz yangu, uani kwangu Tabata, kopo la dawa mkono wa kulia, tochi ya simu mkono wa kushoto, mswaki wa zamani nimeuuma kwa meno. Gari lilikuwa limeanza kuzingua sailensa, yaani mzunguko wa injini pale usipokanyaga mafuta. Ukisimama foleni linatetemeka kama lina homa, ukiwasha kiyoyozi linazima. Nikatoa boksi la eya klina, throto (ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ikabaki wazi, nikaona kile kisahani cha katikati kimezungukwa na duara jeusi la masizi na oili. Nikauchukua mswaki, nikakisukuma kisahani kwa mpini wake (kosa, nitalieleza mbele), nikapachika mrija mwekundu kwenye kichwa cha kopo, nikabonyeza.

Dawa ikatoka. Mrija nao ukatoka. Ulichomoka kama mshale, ukapita pembeni ya kisahani, ukazama ndani ya manifoldi, njia inayopeleka hewa kwenye silinda.

Nilisimama pale kama dakika tano nikimulika shimo. Kuwasha sikuthubutu, maana plastiki ikivutwa hadi kwenye valvu hayo tena si mambo ya mswaki. Fundi akaja na bodaboda, akafungua manifoldi, akautoa mrija kwa koleo ya mdomo mrefu, akaninyanyulia juu kama mtu aliyevua kambale. Kopo nililinunua shilingi 9,000. Fundi alichukua 60,000, na kicheko juu.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mrija na utaishia na mrija. Harufu, povu, ujazo wa kopo, hayo someni kwingine. Mimi sasa nikiingia dukani naomba kopo, naubandua mrija kwenye selotepu, naupachika, halafu nauvuta kwa vidole viwili. Ukichomoka, kopo linarudi rafuni. Muuzaji mmoja wa mtaa wa Gerezani alinitazama nikifanya hivyo kwa kopo la tatu, akauliza, "Dada, unanunua dawa au unanunua mrija?" Nikamjibu vyote viwili kaka, maana bei mnayotaja ni ya vyote viwili.

Fundi wangu ana hoja yake na siipingi yote. Anasema nyunyizia kwenye kitambaa, futa, mrija wa nini? Kwa upande wa mbele wa throto ni kweli, na ndivyo ninavyoshauri mtu anayeanza. Tatizo ni ule ukingo wa nyuma wa kisahani, unakokutana na ukuta wa throto. Uchafu unaoharibu sailensa umelala hapo. Gari likiwa sailensa, hewa inapita kwenye uwazi mwembamba sana, na masizi kidogo tu yanauziba. Kitambaa hakifiki hapo vizuri. Mrija unafika.

Kabla sijapanga makopo, niwajibu wale wanaoniandikia kila wiki: "Nimeweka dawa kwenye tangi chupa mbili, sailensa bado." Ndugu zangu, petroli haipiti kwenye throto. Throto inapitisha hewa. Petroli inanyunyizwa na nozeli mbele zaidi, karibu na valvu, kwa hiyo hata ukimwaga chupa kumi tangini, kisahani hakitaonja hata tone. Uchafu wa throto unatokana na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini, ukichanganyika na vumbi. Dawa ya tangi ni ya nozeli na valvu. Kopo la kupuliza ni la throto. Ni manunuzi mawili tofauti, na muuzaji anayekwambia chupa moja inamaliza yote anataka uondoke haraka, amhudumie mwingine.

Wenye injini za D4 za Toyota, zile Premio na Noah ambazo mafundi wakiziona wanaguna, kwenu hali ni ngumu zaidi. Nozeli inanyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haioshi hata valvu za kuingizia hewa. Dawa ya tangi itawasaidia nozeli tu.

Sasa makopo ya throto.

Namba moja kwangu ni CRC, lile lililoandikwa wazi kwamba ni la throto na njia ya hewa. Naipenda CRC na sifichi. Nimemaliza makopo matatu na mrija haujanitoka hata mara moja, hata nilipoupinda ili ufike upande wa chini. Unaingia kwenye tundu lake kwa kukaza, mpaka unasikia umekaa. Dawa yenyewe inakauka haraka na haiachi utando wa mafuta. Angalieni lakini, CRC wana makopo mengi na wauzaji wanayachanganya: kuna la breki, kuna la kabureta, kuna la sensa ya hewa. Hilo la sensa ya hewa lina kazi yake peke yake, na kama gari lako lina sensa ya kupima hewa yenye kiwaya chembamba kama unywele, usikipulize kwa kitu kingine chochote. Usikiguse hata kwa pamba.

Namba mbili ni Liqui Moly ya throto, kopo la mililita 400. Wajerumani wa Ulm, kazi safi, na uchafu unalainika vizuri hata bila kusugua sana. Nimeishusha kwa sababu mbili. Kwanza, kuipata ni safari: duka moja linayo, kumi hayajui unaongelea nini, wanakuletea oili. Pili, kopo nililopata lilikuwa na mrija uliolegea kidogo, nikalazimika kuushika kwa kidole wakati wote. Labda ni bahati yangu mbaya. Kwangu mimi bahati mbaya ya mrija ina bei, na mnaijua.

Namba tatu, dawa za kabureta. Abro ndiyo utakayoikuta kila duka, na kwa gari la kabureta au pikipiki sina ubishi nayo. Kwa throto za kisasa nasita. Dawa za kabureta zimetengenezwa kutafuna uchafu kwenye chuma kitupu, na throto nyingi zina rangi maalumu iliyopakwa kuzunguka kisahani ili kuziba ule uwazi mwembamba. Ukiitafuna, hewa inapita zaidi ya inavyotakiwa, na sailensa inapanda badala ya kutulia. Kama huna jingine, weka kwenye kitambaa, futa kidogo, acha. Usiloweshe.

Za elfu tano zenye lebo zilizoandikwa vibaya, zisizotaja hata zimewekwa nini ndani, sizipi namba.

Na WD-40? Hapa ndipo nacheka kwa uchungu. Lile kopo la bluu na njano lina mrija bora kuliko yote rafuni, umeshikizwa kwenye kichwa, unakunjwa na kunyanyuliwa, haupotei wala haurushwi. Lakini dawa iliyomo ilibuniwa kufukuza maji na inaacha utando wa mafuta, na utando huo unakusanya vumbi upya. Mrija bora duniani umepewa dawa isiyofaa kazi yangu. Dawa ya breki nayo inasafisha kweli, ila zipo zinazokula raba na plastiki, na throto ya umeme imejaa vyote viwili.

Kwenye tangi nitakuwa mfupi, kwa sababu chupa haina mrija. Nachukua Liqui Moly Injection Cleaner, chupa ya mililita 300 inayotosha tangi la hadi lita 70, kwa hiyo Vitz haihitaji zaidi ya chupa moja. Imwage kabla ya kujaza mafuta, petroli ikiingia inaichanganya yenyewe. Ukibahatika kupata Techron ya Chevron, chukua. Ndani ina polietha amini, kwenye lebo mara nyingi huandikwa PEA, na hiyo ni miongoni mwa kemikali chache zinazotoa masizi magumu kweli. Chupa isiyotaja kilichomo, inayokuahidi tu "nguvu mpya", mara nyingi ni mafuta ya taa yaliyovaa suti. Na mafuta ya taa Watanzania tumeyanywesha magari yetu vya kutosha. EWURA, wasimamizi wa nishati, walilazimika kuanza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya wachakachuaji, halafu leo mtu anatoa noti yake mwenyewe kununua kitu hichohicho kwenye kichupa!

Turudi kwenye kosa la mpini. Magari mengi ya miaka hii, hata Vitz yangu, throto inaendeshwa na mota ndogo, haina waya unaotoka kwenye pedeli. Kukisukuma kisahani kwa nguvu wakati swichi iko on kunaweza kuharibu gia za ndani. Zima kila kitu, chomoa waya hasi wa betri, kisukume taratibu kwa kidole chenye glavu, usikilazimishe. Injini iwe ya baridi na sigara iwe mbali, hizi dawa zinashika moto kabla hujamaliza kusema moto. Fanyia nje, siyo kwenye gereji iliyofungwa.

Ukimaliza, usishtuke sailensa ikipanda. Kompyuta ilikuwa imezoea uchafu, ikawa inafungua kisahani zaidi ili kufidia, na sasa njia ni safi. Kwangu liliunguruma kama dakika kumi likashuka lenyewe. Nissan nyingi haziko hivyo, na wenye Tiida na X-Trail mjipange: kompyuta inabidi ifundishwe upya kwa hatua maalumu au kwa mashine ya fundi, la sivyo mtakaa na sailensa ya juu wiki nzima halafu mje kunilaumu.

Suala la bei sasa. Kopo lilelile la CRC nimelinunua 28,000 Kariakoo, nikaliona 45,000 kwenye duka la kituo kimoja cha mafuta, limekaa juani dirishani mpaka lebo imepauka. Kopo la gesi, juani! Nilipouliza mbona tofauti hivi, dada wa kaunta akasema, "Hii ya kwetu orijino." Kila duka Dar es Salaam lina orijino na la jirani ni feki, sijui feki zinauzwa na nani. Na risiti ukiomba, mashine ina hitilafu, bosi katoka, karatasi zimeisha.

Wiki iliyopita nilipita lile duka lililoniuzia kopo la mrija wa mshale. Sikwenda kugombana, nilikuwa natafuta taa ya breki. Nikayaona makopo yale rafuni, nikachukua moja, nikaligeuza. Selotepu ipo, mrija haupo. Nikamwonesha kaka wa duka. Akalitazama, akatazama mengine mawili, nayo hayana.

"Imedondoka hiyo, dada. Nikupunguzie buku?"