Kibanda cha kurekodia sauti safarini: kinafanya nini, na nini hakiwezi

Hamjambo ndugu zangu. Leo niko Gulu, chumba cha hoteli, vigae sakafuni na ukuta mtupu. Kabla sijasema lolote, nisikilizeni nikipiga kofi moja. Mmesikia ule mlio uliobaki nyuma, kama sauti imekimbilia ukutani ikarudi? Huo ndio ugonjwa. Hiki kilicho mezani, kibanda kidogo chenye sponji ndani, ni dawa yake, lakini ni dawa ya ugonjwa huo mmoja tu. Mimi jambo hilo nililijua baada ya kupoteza kazi.

Nyumbani ni Kampala. Nasoma matangazo ya redio na masomo ya mafunzo kwa Kiswahili, na tangu baraza la mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kwangu simu zimeongezeka. Wateja hawangoji urudi kutoka safari. Nikiwa Arua, mmoja alitaka tangazo kabla ya jioni. Nikafungua kibanda changu kipya, nikarekodi kwa moyo wote, dirisha likiwa linatazama barabara. Akanirudishia: sauti ni nzuri, lakini nyuma kuna bodaboda, na honi imeangukia palepale panapotajwa bei. Kazi akampa mwingine. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeamini kibanda kinazuia kelele.

Hakizuii. Sponji hunywa sauti yako isigonge ukuta ikarudi kwenye maiki. Kuzuia kelele ya nje ni kazi ya uzito: ukuta wa matofali, mlango mzito, dirisha lililofungwa sawasawa. Na hata katika kunywa sauti, sponji ina mpaka. Sauti nzito ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 3.4. Sponji ya sentimita 5 kwa wimbi kama hilo ni kama haipo, ndiyo maana mngurumo wa jenereta ya jirani unapita kama kawaida. Inachokamata vizuri ni sauti za juu, zile s na sh zinazolia kwenye vyumba vya vigae.

Sasa tuje kwenye vifaa. Hiki cha kwanza ni cha aina ya Porta-Booth, iliyobuniwa na msomaji matangazo wa Marekani, Harlan Hogan. Ni sanduku la kitambaa lenye sponji ndani, linalokunjwa likaingia kwenye begi. Maiki inakaa ndani, wewe unabaki nje. Tazameni kidole changu: maiki ikizama hadi huku nyuma, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Ilete mbele, karibu na mlango wa sanduku, mdomo wako uwe umbali wa shibiri moja. Hapo inafunguka. Kwa msafiri, hii ndiyo aina ninayoipenda kuliko zote.

Kaotica Eyeball ni mpira wa sponji unaovalishwa maiki. Ni ndogo, haichukui nafasi, lakini hakikisha kwanza unene wa maiki yako unaingia. Isovox ya Sweden ni boksi unaloingiza kichwa chote. Inakausha sauti vizuri sana, ila ni kubwa kwa mtu wa basi, na kwa joto la huku kaskazini mwezi wa pili kusoma kurasa kumi kichwa kikiwa ndani ni adhabu.

Halafu kuna ngao zile za nusu duara zinazosimama nyuma ya maiki. Hapa wengi wanakosea. Maiki nyingi za kazi hii husikiliza mbele, yaani zinakutazama wewe na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Ngao iko upande mwingine kabisa. Ukiwa nayo, tundika blanketi zito nyuma yako, utasikia tofauti papo hapo.

Kama hela ya kuagiza haipo, usikate tamaa. Nenda kwa mafundi wa magodoro uombe mabaki ya sponji. Weka kipande mdomoni, pulizia. Pumzi ikipita, sponji hiyo inakunywa sauti. Isipopita, iache, hata kama ni nene. Lile povu jeupe linalokuja na televisheni halifai, na trei za mayai ukutani hazisaidii kitu cha maana. Gundisha sponji ndani ya boksi la katoni, pande zote isipokuwa mbele. La kwangu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo, na lilinilisha.

Ukifika hotelini omba chumba cha nyuma, mbali na barabara na jenereta. Zima feni na friji. Mimi narekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku, kabla ya adhana, majogoo na wale ndege kwarara wanaopiga kelele alfajiri. Mvua ikianza kupiga mabati, funga laptopu ukalale. Hakuna kibanda kitakachokuokoa.

Kisha rekodi ukimya wa sekunde kumi uupime. ACX, wanaopokea vitabu vya kusikiliza, wanataka kelele inayobaki ukiwa kimya isizidi desibeli -60. Hata kama hupeleki kazi kwao, ni kipimo kizuri. Ukiwa juu ya hapo, kwa mfano -50, badilisha chumba au saa. Usiguse sponji.

Vaeni hedifoni sasa. Nasoma sentensi ileile mara mbili kwenye chumba hiki, kwanza bila kibanda, halafu nacho. Sikilizeni mwisho wa neno "barabarani", pale sauti inapokatika.